Bee ya Nukta Moja

Wageni wakija kwetu Azaiba, hapa Maskati, huuliza kwanza habari za ramani, ndipo wakauliza hali ya mama. Siwalaumu. Ramani zinaanzia mlangoni, na mama yuko chumba cha mwisho cha ukumbi, mlango umerudishwa nusu. Ni ramani za zamani za nchi za Wajerumani: Saksonia, Bavaria, Silesia, Uswisi, kingo za mto Elbe na mto Rhine, zimechapwa kwa mabamba ya shaba kwenye karatasi nzito na kutiwa rangi kwa mkono. Nyingine zina umri wa miaka mia tatu. Wenzangu niliofanya nao kazi wizarani wanakusanya majambia na mikufu ya fedha, na mmoja wao ananiita Mjerumani mpaka leo. Huwa nacheka naye. Sijapata kumwambia mtu kwa nini nilizianza ramani hizi, na nikisema sasa ni kwa sababu nimechoka kusifiwa kwa ajili yazo.

Nilizianza kwa sababu ya neno moja la herufi nne ambalo mama aliniomba nilitafute.

Tulikuwa watoto wawili, kaka yangu na mimi, na baina yetu ilipita miaka kumi na mitatu. Tulizaliwa Unguja. Baada ya mapinduzi baba alinyang'anywa duka lake na shamba lake, na haikupita miaka mingi serikali hiyo hiyo ikamchagua kaka kwenda Ujerumani ya Mashariki kusomea ufundi wa mitambo. Kaka akakubali. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuona njia nyingine ya kusoma. Baba aliona mwanawe ameshikana mikono na watu waliomvua nguo hadharani, na siku ya safari hakutoka chumbani kumuaga. Mimi nilikuwa na miaka sita. Ninachokumbuka ni viatu vyake vipya vikilia kwenye sakafu, na mama akimfuata mpaka barazani na chetezo cha ubani mkononi.

Barua zake mbili tatu za mwanzo baba alizichana kabla hazijafunguliwa. Miaka mitano baadaye tukahamia Maskati, na kama aliandika nyingine, zilikwenda Unguja kwenye nyumba ambayo watu wengine walikuwa wakilala ndani yake. Jina lake halikutajwa tena kwetu. Baba alilisemea jambo hilo mara moja tu, siku jirani mmoja alipouliza tumejaaliwa watoto wangapi. "Nna mtoto mmoja," alisema, akaendelea kula. Mama alikuwa anapakua wali. Aliendelea kupakua.

Tulikaa Darsait, vyumba viwili juu ya duka la mtengeneza mafriji. Nilipelekwa shule ya Kiarabu nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikawekwa na watoto wadogo kwa sababu sikujua kusoma. Kiarabu changu kilikuwa cha kuchekesha. Mwalimu alinichapa fimbo za viganja mpaka bee ikawa bee na si kitu kingine, mpaka kila herufi nikaisoma kama ilivyo, bila kukisia. Nilikuja kumshukuru. Nilipoanza kazi ya kuchora ramani katika wizara moja, sifa yangu ilikuwa hiyo hiyo: huyu hakisii.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini siku mtu asiyejulikana alipogonga mlango wetu alasiri. Baba alikuwa msikitini, mimi nilikuwa ofisini. Haya yote mama alinisimulia baadaye sana. Alifungua mlango upana wa kiganja, kwa kuwa hakukuwa na mwanamume ndani, na yule mtu akazungumza naye akiwa ngazini, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima. Alisema alisoma na mwanawe. Alisema mwanawe alikufa kwa maradhi ya mapafu wakati wa baridi ya mwaka uliopita, akazikwa katika mji mdogo alikokuwa akifanya kazi. Akautaja mji. Mama alimwomba autaje tena, akautaja tena. Halafu akashuka ngazi, kwa sababu wote wawili walijua baba yuko njiani kurudi.

Mama hakuwa na karatasi. Alichukua penseli yangu ya kuchorea juu ya rafu, akafungua jalada la Juzuu Amma yake na kuliandika lile jina ndani, kwa herufi za Kiarabu, maana hizo ndizo alizofundishwa chuoni, alikosomea Kurani. Kisha akatia maji ya wali motoni. Baba alipoingia akamkuta anapepeta mchele, akamuuliza mbona macho mekundu, akasema vitunguu.

Alikaa na jambo hilo miaka kumi na mmoja. Hakulia mbele ya mtu, hakufanya khitima, hakupokea rambirambi. Sijui alifanyaje. Mimi nikifiwa na paka tu nyumba nzima inajua.

Baba alipofariki, mama akakaa eda mpaka ikaisha, kisha akaniita chumbani kwake na kufunga mlango. Alifungua lile jalada. Ndipo nilipojua kwamba kaka yangu amekufa, na kwamba amekufa zamani.

"Weye ndiye mtu wa ramani," aliniambia. "Nitafutie hapa ni wapi. Sitaki kitu kingine duniani. Nataka mtu mmoja wa kwetu asimame pale amsomee Fatiha. Kazikwa na watu wasiomjua, hajasomewa hata moja."

Nikatazama. Bee, ree, nuni, alifu. Hakutia irabu. Penseli ilikuwa imefifia lakini mwandiko ulikuwa safi, nukta moja chini ya bee, nukta moja juu ya nuni.

"Berna," nikasoma kwa sauti.

Mama akanitazama mdomoni. "Ndivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Basi ndivyo," akasema. "Nalisikia siku ile moja tu. Tangu hapo sijalitamka, nikimchelea babaako. Weye ndiye uliyesoma."

Kesho yake nikaishusha atlasi kubwa ya ofisini. Berna haikuwako Ujerumani ya Mashariki. Hapakuwa na Barna wala Burna. Palikuwa na Bernau karibu na Berlin, nikajiambia mama kasahau herufi ya mwisho; nikaandika barua kwa Kiingereza, wakajibu kwa adabu kwamba hawana mtu wa jina hilo makaburini kwao. Uswisi kuna Bern, na kumbe ramani za zamani za Kilatini zinauandika mji huo Berna, herufi kwa herufi. Nikatunga kisa kizima: kaka alitoroka Mashariki akavuka mpaka, akapata kazi Uswisi, na ndiyo maana habari zake zilichelewa. Nikaandika huko pia. Hakuna.

Hapo ndipo ramani za zamani ziliponikamata. Nilisoma kwamba miji ya kule imebadilishwa majina kila alipokuja mtawala mpya, na vijiji vingine vimemezwa na miji mikubwa au na migodi ya makaa. Nikajiambia Berna yetu labda ni jina la zamani ambalo wenyeji bado wanalitumia vinywani. Ili kulipata nilihitaji karatasi za zamani, zile zenye kila kijiji na kila kanisa. Ya kwanza niliinunua kwa posta kutoka kwa muuzaji mmoja wa Ulaya. Ilifika ndani ya bomba la karatasi ngumu, na nilipoikunjua mezani ilitoa harufu ya kabati la bibi. Nilikaa nayo asubuhi nzima na lenzi mkononi. Misitu ilichorwa mti mmoja mmoja. Milima ilikuwa imetiwa vivuli upande wa mashariki. Kila mji ulikuwa na minara yake midogo.

Sitasema uongo: nilifurahi. Mama alinituma kaburini kwa mwanawe nami nikarudi na furaha.

Nilijifunza Kijerumani kwa kanda za kaseti ndani ya gari. Nilijifunza kusoma maandishi yao ya kale, ambamo herufi ya s huandikwa ikafanana na f, na mgeni asiyejua husoma maneno yote upogo. Nilikuwa hodari wa hilo. Nilijua mchoraji yupi wa Nuremberg alikuwa mvivu akinakili makosa ya wenzake, na yupi alikwenda kupima mwenyewe. Nilijua kutofautisha rangi ya asili na rangi iliyopakwa juzi ili kumdanganya mnunuzi. Fundi wa fremu niliyekuwa nikimpelekea kazi mtaa wa Ghala, kwenye kibanda baina ya magereji mawili, alikuwa akinisikia nikishuka garini na kupiga kelele: tia karatasi isiyo na asidi nyuma, usigundishe, usiguse kwa mkono mtupu, ole wako nikiona alama ya kalamu. Alinivumilia miaka mingi. Mtu akiiandika ramani ya kale, hata nukta moja ya penseli, mimi huona kama kamtia mtu kovu usoni.

Miaka saba ilipita hivyo. Mama alikuwa akiuliza kila baada ya Ijumaa, kwa neno moja tu, "Umepaona?" nami nikijibu bado. Mwishoni lile swali likaanza kunikera. Nilikuwa na ramani kumi na nne, nilikuwa nimeandika barua tisa, nilikuwa nimefanya kila anachofanya mtaalamu. Ijumaa moja baada ya chakula aliniuliza tena, mbele ya marehemu mke wangu, nikamjibu kwa sauti ya ofisini.

"Mama, mahali hapo hapapo. Nimetazama kila ramani iliyopata kuchorwa. Ulisikia vibaya. Mtu kasimama ngazini, mlango umefungwa nusu, jina la kigeni, ungelisikiaje sawa?"

"Labda," akasema. Akainuka, akakusanya sahani, akaenda kuziosha mwenyewe ingawa hakuna aliyemwomba. Mke wangu alinitazama tu. Kuanzia siku ile mama hakuuliza tena, na mimi, Mungu anisamehe, niliona nimepumzishwa.

Ramani sikuziacha. Tulipohamia Azaiba nikapata kuta ndefu. Watu walianza kuja kuziona, mhadhiri mmoja akaleta wanafunzi wake. Iliyokuwa kubwa kuliko zote, ramani ya Saksonia yenye mto Elbe ukikata katikati, haikutosha sebuleni, nikaitundika ukumbini nje ya chumba cha mama kwa sababu ukuta ule ndio uliokuwa na nafasi. Niliipangusa kioo kila wiki kwa mkono wangu. Sikumruhusu mtu mwingine.

Sasa mama ana miaka tisini na kitu. Miguu haimchukui na macho yake yamekwisha, anajua tu mchana na usiku. Akili anayo yote, jambo ambalo daktari analiita neema. Anahudumiwa na binti wa Kiganda, Mkristo, mpole, anayezungumza naye Kiswahili cha bara kutwa nzima wakati mimi niko na lenzi yangu. Mwanzoni mwa mwaka huu nilipita ukumbini nikamuuliza vipi mama leo.

"Amekula kidogo tu, baba, halafu akasema khalas," alinijibu. "Kila siku ananiuliza jambo moja. Ananiuliza kwetu mtu akifa mbali na familia, wanamfanyia nini. Nikamwambia mimi nitamwombea huyo mtu wake kanisani, siku yangu ya off. Akasema sawa, mwombee, hakuna mwingine."

Nilisimama pale nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Mama yangu, mtu wa chuo na wa nyiradi za kila alfajiri, amefika pa kuomba kanisa limsaidie. Na hata hivyo sikufanya kitu. Nilikuwa sina la kufanya, ndivyo nilivyojiambia, mahali hapapo.

Ijumaa iliyofuata binti yangu alikuja kututembelea. Ni mfamasia, kazaliwa hapa hapa Maskati, Kiswahili chake ni cha nyumbani na kusoma kwake ni Kiarabu. Alitaka achari ya bibi yake, ile ya zamani, akapekua kabati la jikoni mpaka akalipata daftari la mama la mapishi, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, limeshikana kurasa kwa mafuta. Mimi sikupata kulifungua daftari lile maisha yangu. Akaketi mezani akaanza kusoma, mara akapiga kicheko.

"Baba, wallahi njoo usikie. 'Chukua bulbul kumi na mbili, zipasue, zitoe mbegu, zianike juani siku mbili.' Baba, shuuf, bulbul! Bibi alikuwa anaanika ndege?"

Bulbul ni yule ndege mdogo mwenye shavu jeupe anayepigia kelele bustani zetu zote asubuhi. Nikamwona mama ujanani kapanga ndege kumi na mbili waliopasuliwa juu ya ungo, nikacheka mpaka nikashika meza. Binti yangu alikuwa anapangusa machozi.

"Si bulbul, mwanangu," nikamwambia. "Ni pilipili. Bee, lamu, bee, lamu. Wazee wetu hawakuwa na pee, Kiarabu hakina. Wengine wakiweka nukta tatu, lakini wengi waliandika bee tu, na msomaji mwenyewe atajua kama ni bee au ni..."

Nikashika kiti kwa mikono yote miwili.

Binti yangu alidhani nimepaliwa. Akaniletea maji. Nilikuwa nikizihesabu herufi nne ambazo nimezijua kwa miaka thelathini na mitatu. Bee, ree, nuni, alifu. Nikaitoa bee nikaweka pee. Parna. Perna. Pirna.

Sikuhitaji atlasi. Nilitoka jikoni nikaenda ukumbini, hatua kama kumi, nikasimama mbele ya ramani ya Saksonia. Mbele kidogo ya Dresden ukiufuata mto kwenda kusini mashariki, kwenye kona ambayo kitambaa changu kilipita kila wiki, kuna minara miwili midogo myekundu na ngome juu ya kilima, na pembeni yake pameandikwa Pirn. Wachoraji wa zamani waliufupisha hivyo. Ramani mpya zote zinaandika Pirna. Kutoka pale hadi kitanda cha mama ni ukuta mmoja.

Nilijua maisha yangu yote kwamba wazee waliandika bee mahali pa pee. Ningeulizwa na mtu barazani ningemweleza vizuri, na mifano. Niliyasoma makosa ya watu wa Nuremberg waliokufa zamani, nikajua kila s yao inayojifanya f, na mwandiko wa mama yangu mzazi niliusoma kama mtoto wa shule anayeogopa fimbo. Hakisii, walikuwa wakinisifu. Nilikaa kitako sakafuni pale pale ukumbini. Yule binti wa Kiganda akatoka na beseni, akaniruka kwa adabu, akaenda zake.

Siku hiyo hiyo nikaandika, safari hii kwa Kijerumani. Jibu lilikuja kwa kompyuta baada ya wiki tatu. Lilikuwa jibu zuri, la mtu aliyepoteza muda wake kwenda kufunua madaftari ya zamani. Ndiyo, alikuwapo. Jina la kaka yangu limeandikwa kwa herufi zao, na pembeni mji aliozaliwa, Zanzibar. Kisha wakanieleza, wakidhani sijui, utaratibu wa kwao: kaburi hupewa muda, na muda ukiisha asitokee jamaa wa kuomba uongezwe, ardhi husawazishwa ikatumika kwa mwingine. Wakati wake ulipokwisha walitia tangazo kwenye jiwe la kaburi, wakangoja. Hakutokea mtu. Kaburi liliondolewa miaka kumi na tisa iliyopita. Katika daftari, mahali pa kuandika jamaa wa marehemu, pana maneno mawili, na huyo mtu mwema aliyanakili yalivyo. Hawajulikani walipo.

Nikapiga hesabu, maana ndicho ninachojua. Siku mama aliponionyesha jalada, kaburi lilikuwapo. Siku nilipomwambia mahali hapapo, kaburi lilikuwapo, na lilikuwa limebakiwa na miaka saba. Barua moja tu ya ukurasa mmoja ingetosha, na mimi niliandika tisa kwa watu wengine.

Nilikaa na jibu lile siku nne. Siku ya tano, baada ya alasiri, niliishusha ramani ya Saksonia ukutani, nikaipeleka chumbani kwa mama na kuiweka miguuni pake juu ya shuka. Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama. Lile neno uliloandika kwenye juzuu."

Akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Uliandika sawasawa. Miye ndiye niliyesoma vibaya. Si Berna. Ni Pirna."

Niliona midomo yake ikilijaribu lile neno kabla sauti haijatoka. "Pirna," akasema. Kisha tena, kwa nguvu kidogo. "Pirna. Ee Mola wangu. Ndivyo alivyosema. Kasema mara mbili, kasimama kauelekea ukuta. Pirna."

"Ndivyo, mama."

"Kumbe sikukosea."

"Hukukosea."

Akaanza kulia, pasi na kelele, machozi yakimshukia masikioni kwa vile alivyolala. Nilikuwa sijapata kumwona akilia. "Miaka yote hii," alisema, "nikiyalaani masikio yangu. Nikisema miye ndiye niliyempoteza mwanangu. Kaja mtu kaniletea mwanangu mpaka mlangoni, nami nikashindwa kumsikia."

Nilimshika mkono, nikaufuta uso wake kwa ncha ya kanga yake. Nikakichukua kidole chake, nikakiweka juu ya kioo, mahali pa ile minara miwili. Akakiacha pale. Halafu akauliza lile nililokuwa nikilingoja kwa siku nne.

"Na kaburi? Lipo?"

Katika kazi yangu yote sikupata kuchora kisichokuwapo. Nimewahi kumfukuza kijana kazini kwa kuchora barabara ambayo ilikuwa bado ni ahadi. Nikamtazama mama, macho yake meupe, kidole chake juu ya kioo.

"Lipo, mama," nikasema. "Watu wa huko wameniandikia. Lipo."

"Likoje?"

Nikaanza kuchora. Nikamwambia kuna lango la chuma, rangi ya kijani. Ukiingia kuna njia ya kokoto, unaifuata mpaka kwenye mti mkubwa, hapo unakata kulia, na ni kaburi la tatu, chini ya ukuta wa mawe. Jina lake limeandikwa. Akauliza kama mti ule una kivuli, nikasema unacho. Akauliza kama walimlaza upande wa kibla, nikasema ndiyo, wenzake wanafunzi walihakikisha. Akashusha pumzi. Kisha akasoma Fatiha, kidole bado kiko juu ya kioo, nami nikaitikia amini.

Aliniuliza nitakwenda lini. Nikamwambia inshallah, baridi ya kule ikipungua.

Tangu hapo kila siku baada ya alasiri huniita. "Nipeleke," husema, nami huketi ukingoni mwa kitanda, nikampeleka. Lango, kokoto, mti, ukuta. Yule binti wa Kiganda huacha kazi zake akasimama mlangoni kusikiliza, na siku moja aliniambia baadaye kwamba mahali pale pazuri sana. Mama huongeza maswali, nami huongeza majibu: sasa kuna benchi, kuna bomba la maji, kuna mwanamke mzee anayefagia majani. Ramani zangu nyingine sizitazami tena. Vumbi linakaa juu ya vioo na sipangusi. Ninayo ramani moja tu ya kuitunza, na hii haina karatasi, lazima niishike kichwani bila kukosea hatua, kwa sababu mama anaishika yote.

Jana nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimetoka hospitali kwa mambo yangu mwenyewe, na nilisema maneno upesi upesi: lango, kokoto, unafika kwenye mti, unakata kushoto.

Mkono wake ukanikaza.

"Kulia," akasema mama. "Ulisema kulia, mwanangu. Usimpoteze tena."